Kitenzi Kama Kipimo: Lugha ya Kutambua na Kurekebisha Hitilafu za Vifaa vya Umeme vya Nyumbani Jijini Juba

Ikisiri

Makala haya yanaeleza nafasi ya kitenzi cha Kiswahili katika kutambua na kurekebisha hitilafu za vifaa vya umeme vya nyumbani jijini Juba, Sudan Kusini. Uundaji wa istilahi za ufundi kwa kawaida hujikita katika majina ya vipuri. Makala yanadai kwamba pengo kubwa zaidi halimo katika majina, bali katika vitenzi vya dalili. Kipuri kisicho na jina huonyeshwa kwa kidole, ilhali dalili ya jana haionyeshwi, hususan mahali ambapo mteja na fundi mara nyingi hukutana wakati umeme haupo. Kwa kutumia mifano ya jokofu, pasi na feni, makala yanabainisha jinsi kauli, njeo na tanakali za sauti zinavyoelekeza utambuzi wa hitilafu, na jinsi maneno machache yenye maana pacha yanavyoweza kusababisha hasara na hatari. Mwisho, yanapendekeza kwamba ufundishaji wa Kiswahili cha ufundi jijini Juba uanzie kwenye kitenzi.

1.0 Utangulizi

Urekebishaji wa kifaa cha umeme huanza kabla fundi hajashika bisibisi. Huanza pale mwenye kifaa anapotamka sentensi yake ya kwanza. Sentensi hiyo humwelekeza fundi afungue wapi, apime nini na aache nini. Ikiwa imekosewa, fundi hodari anaweza kufungua mahali pasipo na kosa, akabadilisha kipuri kizima na kumtoza mteja gharama isiyo ya lazima.

Hali hii inafanana na ya tabibu na mgonjwa, na Kiswahili chenyewe kimeuona ufanano huo. Kitenzi ganga, kilichozaa nomino mganga, katika matumizi ya zamani humaanisha kutibu mwili na pia kuunga kitu kilichovunjika. Hadi leo wasemaji husema jokofu "limekufa", redio "imepona" na injini "inakohoa". Hata hivyo, kuna tofauti moja ya msingi. Mgonjwa hujieleza mwenyewe, ilhali kifaa hakisemi. Mwenye kifaa ndiye mshahidi wa dalili, na ushahidi wake hauna njia nyingine ya kumfikia fundi isipokuwa lugha.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: ni sehemu ipi ya lugha inayobeba ushahidi huo? Jibu linalotolewa ni kwamba ni kitenzi, pamoja na viambishi vyake. Juba imechaguliwa kwa sababu mazingira yake ya kilugha na ya umeme yanalidhihirisha jambo hilo waziwazi kuliko miji ambako umeme ni wa uhakika.

2.0 Muktadha: Lugha, Bidhaa na Umeme jijini Juba

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Katiba yake ya mpito ya mwaka huo inazitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa, na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Hata hivyo, lugha ya sokoni na ya mtaani jijini Juba ni Kiarabu cha Juba, pamoja na Kibari, Kidinka, Kinuer na nyinginezo. Kiswahili kimeingia kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya wakimbizi waliorejea baada ya kuishi na kusoma Kenya, wakiwamo waliopitia kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, na wengine waliorejea kutoka Uganda. Ya pili ni ya wafanyabiashara na mafundi kutoka Kenya, Uganda na mashariki mwa Kongo. Mwaka 2016 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mkataba wake wa mwaka 1999 unaelekeza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya.

Bidhaa zimefuata njia ileile ya lugha. Sehemu kubwa ya mizigo iendayo Juba hushushwa bandarini Mombasa, hupita Kampala na Gulu, huvuka mpaka Nimule na kumalizia safari katika barabara ya lami ya takriban kilomita 192. Majokofu, pasi, feni na runinga zinazouzwa katika masoko ya Konyo Konyo na Custom huja pamoja na vipuri vyake, na vipuri huja na majina ya njiani. Kwa hiyo kifaa kimoja kinaweza kuitwa friji na mmoja, jokofu na mwingine, huku fundi aliyetoka Kongo akitumia jina lenye asili ya Kifaransa. Umeme wenyewe una majina kadhaa: Mtanzania husema umeme, Mkenya husema stima, na msemaji wa Kiarabu hutumia neno kahraba, ambalo asili yake ni jina la kaharabu, ule utomvu mgumu unaovuta vumbi ukisuguliwa.

Jambo la tatu ni umeme wenyewe. Kwa miaka mingi nyumba na maduka ya Juba yalitegemea jenereta binafsi. Mwezi Novemba 2019 kilizinduliwa kituo cha kuzalisha umeme kwa mafuta chenye uwezo wa megawati 33 katika awamu yake ya kwanza, na mtandao wa usambazaji jijini ukaanza kupanuliwa. Pamoja na hayo, jenereta, paneli za jua na inveta zimeendelea kutumika. Kifaa kimoja kinaweza kulishwa na umeme wa mtandao asubuhi, jenereta jioni na betri usiku. Katika mazingira hayo, swali la kwanza la utambuzi haliwezi kuwa "kifaa kina nini?" bali "kosa limo katika kifaa au katika umeme unaokilisha?"

3.0 Majina Huonyeshwa, Dalili Husimuliwa

Orodha za istilahi za Kiswahili kwa desturi hupangwa kwa nomino. Mwelekeo huo una faida yake, lakini unaacha nje sehemu ngumu zaidi ya mawasiliano ya ufundi. Mteja asiyejua neno kapasita anaweza kuigusa, au fundi anaweza kuitoa na kumwonyesha. Upungufu wa jina huzibwa na kidole.

Dalili haina kidole. Kwanza, dalili nyingi hutokea kwa vipindi: jokofu lililonguruma usiku kucha linaweza kunyamaza likifikishwa kwa fundi. Pili, kifaa kikiwa kimefunguliwa mezani, na umeme wa mtaa ukiwa umekatika, hakuna dalili yoyote inayoweza kuonyeshwa. Tatu, kuna dalili ambazo si salama kuzionyesha: haifai kuwasha tena pasi iliyotoa moshi ili fundi aone moshi. Katika hali zote tatu kinachobaki ni masimulizi, na masimulizi hujengwa kwa vitenzi.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo:

Mteja: Fundi, jokofu langu limekufa.
Fundi: Pole, mama. Taa ya ndani inawaka?
Mteja: Inawaka. Lakini halipozi.
Fundi: Linanguruma?
Mteja: Linanguruma kidogo, linapiga tak, linanyamaza. Baada ya dakika chache linarudia.
Fundi: Lilianza lini?
Mteja: Juzi, umeme ulipokatika na kurudi papo hapo.

Sentensi ya kwanza haina taarifa ya kiufundi. "Limekufa" laweza kumaanisha lolote. "Taa inawaka" inaondoa plagi, waya na fyuzi katika orodha ya washukiwa wakuu. "Halipozi" inaelekeza kwenye mfumo wa ubaridi. "Linapiga tak, linanyamaza, linarudia" inaelekeza kwenye kompresa inayojaribu kuanza na kushindwa, kisha kukatwa na kifaa chake cha ulinzi ambacho mafundi hukiita ovalodi. "Umeme ulipokatika na kurudi papo hapo" inaeleza mazingira ya kosa. Hatua zote hizo zimepigwa bila kipimo chochote kutolewa mfukoni, na kila hatua imebebwa na kitenzi.

4.0 Viambishi Vinavyopima

4.1 Kauli

Mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili hutofautisha nani au nini kilisababisha tukio. Tofauti hiyo ndiyo fundi anayoitafuta. "Waya umekatika" ni kauli ya kutendeka: waya umechoka, pengine kwa kupindwa mara nyingi penye shingo ya pasi. "Waya umekatwa" ni kauli ya kutendwa: kuna mkataji, awe panya nyuma ya jokofu au mtu aliyewahi kukifungua kifaa. Marekebisho ya kwanza ni kubadilisha waya. Ya pili yanadai pia kutafuta nini kingine kilichoguswa. "Waya unakatikakatika", kwa uradidi wa shina, ni jambo la tatu: mgusano uliolegea unaoshika na kuachia, ambao huzaa joto na cheche na hatimaye kuyeyusha plagi.

Kirejeshi -ji- nacho ni kipimo. "Kifaa kinazimwa" kina mtu anayekizima. "Kifaa kinazimika" kinaweza kuwa kimekosa umeme. "Kifaa kinajizima" kinatenda chenyewe, na aghalabu huashiria kwamba kidhibiti joto au kifaa cha ulinzi kinafanya kazi yake kwa sababu kuna joto lililozidi. Anayesema "inajizima" ameshampa fundi nusu ya jibu.

Mfano ulio wazi zaidi ni pasi. "Pasi imeungua" na "pasi inaunguza" zinatokana na mzizi mmoja, lakini zinaeleza hitilafu zinazopingana. Katika ya kwanza pasi haipati moto, kwa kuwa koili au fyuzi ya joto imekatika. Katika ya pili pasi inapata moto kupita kiasi, kwa kuwa migusano ya kidhibiti joto imeshikana na haiachi. Kosa la silabi moja humpeleka fundi upande usio wake.

4.2 Njeo na hali

Viambishi vya njeo hupanga tukio katika wakati. "Limezimika" hutaja hali iliyopo sasa, "lilizimika" hutaja tukio moja lililopita, "linazimika" hutaja jambo linaloendelea kujirudia, na "huzimika" hutaja mazoea. Fundi anayesikia "huzimika likikaa saa moja" anapata masharti ya tukio kupitia kiambishi -ki-: kifaa huhitaji kupata joto kwanza. Kwa hiyo kukipima kikiwa baridi kwa dakika mbili hakutafichua kitu. Kiambishi -po- hufanya kazi inayokaribiana nayo: "lilizimika umeme uliporudi" huelekeza macho kwenye mshtuko wa umeme unaorudi kwa nguvu, na katika runinga fundi ataanza na bodi ya ugavi wa umeme kabla ya kugusa kioo.

Kwa mzungumzaji wa Kiarabu cha Juba, sehemu ya mfumo huu si ngeni. Lugha hiyo iliyokua kutokana na kambi za kijeshi na kibiashara za karne ya 19, na ambayo ni ndugu wa Kinubi cha Kibera na Bombo, hutofautisha tendo linaloendelea kwa kutanguliza gi na tendo lijalo kwa kutanguliza bi. Kauli ya kutendwa nayo hutambulishwa kwa kuhamishia mkazo kwenye silabi ya mwisho ya kitenzi. Kisichokuwamo ni viambishi vinavyolingana na -ik- na -ji-. Kwa hiyo mteja wa Juba anayejifunza Kiswahili hupata -na- na -ta- upesi, lakini huelekea kutumia "imekatwa" mahali pa "imekatika" na "inazima" mahali pa "inajizima". Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kuweka mkazo, kwa sababu hapo ndipo utambuzi unapopotoka.

4.3 Tanakali za sauti

Tanakali za sauti aghalabu hufundishwa kama pambo la fasihi simulizi. Katika ufundi ni data. "Tak" moja kila baada ya dakika chache ni ya ovalodi ya kompresa. "Ngrr" isiyokoma katika feni isiyozunguka ni ya mota iliyo na umeme lakini imeshindwa kuanza. "Kwaru kwaru" ni ya kitu kinachosuguana, kama vile bapa la feni ya ndani ya jokofu likigusa barafu. "Chwii" pamoja na harufu ya plastiki ni ya mgusano unaoungua, na tiba yake ya kwanza ni kuzima umeme kwenye swichi kuu, si kuchomoa plagi kwa mkono.

5.0 Mifano Mitatu

5.1 Pasi na umeme mdogo

Mteja husema: "Pasi haipati moto vizuri." Kielezi vizuri kinastahili kuulizwa. Pasi ya wati 1,000 katika umeme wa volti 230 ina ukinzani wa takriban omu 53. Nguvu ya koili hubadilika kwa mraba wa volti. Volti zikishuka hadi 160, pasi hiyo hiyo hutoa takriban wati 484 tu, yaani chini ya nusu ya joto lake. Pasi ni nzima, kilichopungua ni umeme. Kwa hiyo swali sahihi ni: "Haipati moto kabisa, au inapata moto kidogo? Na taa za nyumba huwa hafifu wakati huo?" Ikiwa haipati kabisa, fundi huchomoa plagi na kupima ukinzani kati ya pini mbili za plagi, kidhibiti joto kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. Usomaji ulio karibu na omu 53 huonyesha njia nzima. Kipimo kisichosoma chochote huonyesha kwamba njia imekatika mahali fulani: waya, fyuzi ya joto, kidhibiti au koili, na kila kimoja hupimwa peke yake kwa mfuatano huo.

5.2 Feni

Feni ya kukata joto la Juba hutoa mfano wa utambuzi kwa vitenzi vitatu. "Hainguruma wala haizunguki" si sentensi sanifu, lakini fundi huisikia mara nyingi. Sanifu ni "haingurumi wala haizunguki", na maana yake ni kwamba umeme haufiki au waya wa mota umekatika. "Inanguruma lakini haizunguki" huwa na tawi la pili: ikisukumwa kwa kijiti na kuanza kuzunguka, kapasita imechoka, isiposukumika, bushi zimekauka mafuta au zimejaa vumbi. "Inazunguka polepole" hurejesha swali la umeme: inveta za bei nafuu hutoa mawimbi ambayo hayakulainika, na mota inayolishwa na umeme huo hunguruma na kupata joto bila kuwa mbovu. Kuijaribu feni hiyo kwa umeme wa mtandao kabla ya kununua kapasita huokoa fedha.

5.3 Jokofu: "gesi imeisha" au "gesi imevuja"?

Mfano wa tatu ndio wenye uzito zaidi. Miongoni mwa kauli zinazosikika sana kuhusu jokofu lisilopoza ni "gesi imeisha". Kitenzi isha hutumika kwa kitu kinachotumika hadi kumalizika: mafuta ya jenereta huisha, mkaa huisha, salio la simu huisha. Gesi ya jokofu haimo katika kundi hilo. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, hubadilika kuwa kimiminiko na kurudi kuwa gesi, wala haitumiki. Jokofu zima linaweza kufanya kazi kwa miaka mingi kwa gesi ileile ya kiwandani. Ikiwa imepungua, imevuja, na panapovuja pana tundu.

Tofauti ya vitenzi hivi viwili ni tofauti ya kazi mbili. Anayesema "imeisha" huomba iongezwe. Fundi huongeza, jokofu hupoza, mteja hulipa, na baada ya muda tundu lilelile huitoa gesi mpya. Anayesema "imevuja" huomba tundu litafutwe, lizibwe, mabomba yatolewe hewa na unyevu, ndipo gesi iwekwe kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jokofu, ufa hauonekani kwa sababu kitenzi kimeuficha.

Pana hatari pia. Majokofu mengi ya sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo huwaka moto, tofauti na R134a ya majokofu ya awali. Kulehemu bomba kwa moto ilhali gesi ya R600a ingali ndani ni kuhatarisha maisha. Kibandiko cha kompresa husomwa kwanza, na kazi hufanywa mahali penye hewa ya kutosha.

Zaidi ya hayo, si kila jokofu lisilopoza limepungukiwa gesi. Katika jokofu lisilojenga barafu, "juu linagandisha, chini halipozi" huelekeza kwenye feni ya ndani au barafu iliyoziba njia ya hewa. "Injini hainyamazi" huelekeza kwenye mpira wa mlango, ambao hujaribiwa kwa kubana karatasi mlangoni na kuivuta, au kwenye vumbi lililofunika mabomba ya nyuma. Pengine jokofu halikutengenezwa kwa hali ya hewa ya mahali. Kibandiko hubeba herufi za daraja: N ni kwa joto la hadi nyuzi 32 za Selsiasi, ST hadi 38 na T hadi 43. Miezi ya kiangazi joto la mchana jijini Juba huzidi nyuzi 35. Jokofu la daraja N hapo litahangaika likiwa zima kabisa, na hakuna kipuri kitakacholiponya. Kwa nyumba inayohifadhi insulini, ambayo huhitaji nyuzi kati ya 2 na 8, kujua jambo hilo kabla ya kununua ni suala la afya.

Kuhusu kompresa inayopiga "tak", umeme mdogo hupunguza nguvu ya mota ya kuanzia, nayo vilevile hupungua kwa mraba wa volti. Mota isiyozunguka huvuta umeme mwingi, hupata joto, na ovalodi huikata. Aidha, umeme ukikatika na kurudi papo hapo, shinikizo ndani ya mabomba huwa halijasawazika na kompresa huanza kwa mzigo. Kusubiri dakika tano kabla ya kuwasha tena, au kutumia kifaa cha kuchelewesha umeme, hutosha mara nyingi. Ikiwa tatizo linaendelea umeme ukiwa mzuri, ndipo rilei ya kuanzishia na kompresa yenyewe hupimwa.

6.0 Maneno Yenye Maana Pacha

Maneno mawili na kirai kimoja vinahitaji uangalizi wa pekee.

La kwanza ni shoti. Hutumika kwa mshtuko unaompata mtu na pia kwa nyaya mbili zilizogusana na kukata fyuzi. "Jokofu lina shoti" yaweza kumaanisha kwamba mwili wa jokofu unampiga mtu anayeligusa, au kwamba fyuzi hukatika likichomekwa. La kwanza ni hatari kwa maisha hata kama jokofu linapoza vizuri, na huelekeza kwenye waya uliochubuka na ukosefu wa waya wa ardhi. La pili aghalabu hujikomesha lenyewe kwa kukata fyuzi. Ni salama zaidi kutumia vitenzi: "linapiga mtu" na "linakata fyuzi".

La pili ni tengeneza, lenye maana ya kuunda kitu kipya na pia ya kurekebisha kilichoharibika. Mteja akiambiwa "nimetengeneza", hajui kama kipuri kimesafishwa, kimelehemiwa au kimebadilishwa, ilhali bei hutegemea jambo hilo. Vitenzi mahususi vipo: kusafisha, kukaza, kulehemu, kubadilisha. Vikitumika, mzozo wa malipo hupungua.

Kirai ni kuunga moja kwa moja, yaani kuruka kifaa cha ulinzi. Pasi ambayo fyuzi yake ya joto imekatika hupona papo hapo ikiungwa moja kwa moja, nayo hurudi nyumbani ikionekana nzima. Kidhibiti joto kikishikana siku nyingine, hakuna tena cha kuikata, na meza huungua. Hapa kitenzi "imepona" ni cha kupotosha. Kifaa kinafanya kazi, lakini hakijarekebishwa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameeleza kwamba katika utambuzi wa hitilafu za vifaa vya nyumbani, kitenzi hubeba taarifa ambayo nomino haiwezi kuibeba. Jijini Juba, ambako lugha ni nyingi na umeme hubadilika chanzo ndani ya siku moja, taarifa hiyo huamua fedha, chakula, dawa na usalama wa nyumba.

Kutokana na maelezo hayo, yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, mafunzo ya Kiswahili kwa mafundi na wateja jijini Juba yaanzie kwenye vitenzi vya dalili na minyambuliko yake, hususan -ik-, -w-, -ji- na uradidi, kabla ya orodha ndefu za vipuri. Pili, waundaji wa istilahi waingize vitenzi pamoja na mazingira yake ya matumizi, na watenganishe maana za maneno kama shoti na tengeneza. Tatu, fundi ajizoeze maswali matano yasiyobadilika: kifaa hakifanyi nini, kilianza lini na umeme ulikuwaje, hutokea kila mara au kwa vipindi, hutoa sauti, harufu au joto gani, na nani alikifungua kabla. Nne, kila kifaa kirudishwe na kadi fupi kwa Kiswahili na Kiarabu cha Juba yenye dalili iliyoelezwa, kisababishi kilichopatikana na kazi iliyofanywa, ikitaja wazi kama kuna kifaa cha ulinzi kilichorukwa.

Neno fundi lina undugu na funda na fundisha. Fundi anayemfundisha mteja kusema "imevuja" badala ya "imeisha" amefanya sehemu ya kazi yake ambayo haitahitaji kurudiwa.